Kutoka Maganda ya Matunda Hadi Vimeng'enya vya Kiwandani

Uyoga humeng'enya chakula chake nje ya mwili. Nyuzi zake nyembamba zikishatanda kwenye maganda ya matunda, hutoa vimeng'enya, yaani protini zinazovunjavunja chakula, maganda yakalainika, ndipo nyuzi zifyonze. Kwetu tunaovitafuta vimeng'enya hivyo hii ni nafuu kubwa, maana hatuna haja ya kuusaga uyoga wenyewe: tunaloweka maganda yaliyotandwa, tunakamua na kuchuja.

Majimaji hayo yana mchanganyiko wa vimeng'enya. Pektinase huvunja pektini, ile inayoifanya juisi iwe na ukungu. Lakase, yenye madini ya shaba ndani yake, hufifisha rangi ya jinzi na hutumika pia kuondoa rangi kwenye maji machafu ya viwanda vya nguo.

Maganda mabichi yana usumbufu wake. Yakishindiliwa kwenye mfuko wa kuoteshea uyoga hugandamana, hewa haipiti, na bakteria huwahi kabla ya uyoga. Kwa hiyo tunayakausha, tunayachanganya na pumba au nyasi kavu, tunarudisha unyevu hadi asilimia 60 au 70, kisha tunayafukiza kwa mvuke na kuyaacha yapoe kabla ya kupanda mbegu ya uyoga. Maganda ya machungwa ndiyo makaidi zaidi: limonene, mafuta yanayoyapa harufu, huzuia kuvu kukua.

Swali ninaloulizwa mara nyingi ni kama mfuko mmoja unaweza kutoa kitoweo na vimeng'enya pia. Unaweza, ila si kwa ukamilifu wote. Katika uyoga mamama, lakase hupanda nyuzi zinapotanda, halafu hushuka vichwa vinapochomoza. Wakati huo selulase, kimeng'enya kinachovunja nyuzinyuzi za mmea, ndiyo hupanda. Anayetaka lakase avune mapema, aukose uyoga. Wapo wanaoongeza salfeti ya shaba ili lakase iwe nyingi. Mbinu hiyo inafanya kazi, lakini mfuko huo usiingie jikoni wala makapi yake yasipewe mifugo.

Tunapenda uyoga unaolika kwa sababu hautuletei sumu yake. Hata hivyo, kuvu wengine huingia bila kualikwa, na mfuko wenye ukungu wa kijani hutupwa wote, haukatwi kipande kibaya tu.

Baada ya kuchuja, majimaji yakae kwenye baridi. Vimeng'enya ni protini, na joto kali huviharibu kama linavyogandisha ute wa yai: havirudi tena hata vikipozwa.