"Tumeelewana?" "Ndiyooo!": dhana potofu kuhusu mtoto kushiriki darasani

Dhana: Darasa likiitikia kwa pamoja, watoto wameelewa.

Ukweli: Sauti themanini zikiitikia "Ndiyooo!" hazimwambii mwalimu chochote. Wa dawati la nyuma hufungua mdomo kwa kufuata wenzake tu. Niliwahi kukaa nyuma ya Darasa la Pili, mwalimu akaandika 23 − 7 ubaoni, kisha kila kundi likagawiwa vifuniko vya soda walivyookota dukani kwa Mangi. Binti mmoja alipanga mafungu mawili ya kumi, vitatu akaviweka pembeni. Akatazama vile vitatu, akaona havitoshi kutoa saba, akavunja fungu moja la kumi. Hakuna aliyemwambia "kopa". Jirani yake akabisha, wakahesabu upya. Mwalimu akipita kati ya madawati alimwona kwa macho yake aliyeelewa na ambaye bado.

Dhana: Mtoto akinyamaza hajui, aulizwe mwingine.

Ukweli: Huenda bado anafikiri. Katika miaka ya 1970, mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, aligundua kuwa walimu husubiri jibu kwa sekunde 1 hivi. Waliposubiri sekunde 3 au zaidi, majibu yalirefuka, na hata watoto waliozoea kukaa kimya wakaanza kuchangia. Na anayejua kwamba akikosea atachekwa au atachapwa, hunyamaza hata kama jibu analo.

Dhana: Haya ni mambo ya kigeni.

Ukweli: Mwalimu Nyerere aliandika mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, kwamba shule imjengee mtoto akili ya kudadisi.

Dhana: Darasa kubwa haliwezi kushirikishwa.

Ukweli: Ni kazi ngumu, tusiwalaumu walimu. Tangu elimu bila malipo ianze Tanzania mwaka 2016, madarasa mengi yamefurika. Lakini kumwambia kila mtoto amweleze jirani yake jibu kwa dakika mbili hakuhitaji chumba kipya wala fedha.

Dhana: Mtoto anayeuliza sana hana adabu.

Ukweli: Hii ndiyo inayoniuma zaidi, maana huanzia nyumbani. Mtoto afundishwe namna ya kuuliza: anyooshe mkono, asubiri, aseme, "Samahani Mwalimu, hapo sijaelewa, naomba urudie." Wengi wetu tulimaliza la saba bila kuitamka sentensi hiyo hata mara moja.