Kigari cha mtoto cha magurudumu matatu: tuanze na gurudumu la mbele

Kazi yangu ya kila siku hapa Kisumu ni kuwapima watoto na kuwarekebishia viti vya magurudumu ili vilingane na miili yao na njia wanazopita. Kwa sababu hiyo, hata wazazi ambao watoto wao hawana tatizo lolote la viungo hunijia wakiwa na picha kwenye simu, wakitaka kujua kama kigari fulani cha magurudumu matatu kinafaa kununuliwa. Nimekuwa nikiwajibu mmoja mmoja, tena nikiwa nimesimama kwenye korido, na jambo lenyewe halifai kujibiwa hivyo. Kigari kilichochaguliwa vyema humpa mzazi uhuru mkubwa wa kutoka nje na mtoto wake, ilhali kilichochaguliwa vibaya hubaki kwenye kona ya chumba kikirundikiwa nguo au, jambo ambalo nimeliona kwa macho yangu, humwangusha mtoto.

Sianzi kwa kuuliza bei wala rangi. Namwomba mzazi anisimulie njia yake, tangu mlango wa nyumba hadi mahali anapokwenda mara nyingi zaidi: kuna ngazi ngapi, lami inaishia wapi, mtaro unavukwa kwa daraja au kwa ubao, na mvua ikinyesha hali inakuwaje. Mzazi anayetembea jioni kwenye lami ya Milimani hana mahitaji sawa na yule wa Nyalenda au Manyatta, ambaye njia yake ina mawe na hukatwa na mitaro kila baada ya hatua chache. Ukielekea uwanda wa Kano, udongo mweusi unaonata hujaa kati ya tairi na fremu hadi gurudumu likakataa kuzunguka. Nakuru nako, kwenye vumbi laini la volkeno chini ya Menengai, gurudumu jembamba huzama badala ya kubingirika.

Kwa njia za namna hiyo, magurudumu matatu yana faida moja ambayo kila aliyewahi kupika kwa kuni anaijua. Mafiga huwa matatu kwa sababu vitu vitatu hutulia hata chini pakiwa pamepinda, na sufuria haiyumbi. Kigari cha magurudumu manne chenye fremu ngumu, kikifika penye mashimo, huacha gurudumu moja likining'inia hewani, na mzazi huanza kukipindisha huku na huku, ila cha magurudumu matatu hukanyaga ardhi kwa magurudumu yote wakati wote. Hata viti vya magurudumu vya watu wazima vilivyobuniwa kwa ajili ya njia mbovu za vijijini hutengenezwa mara nyingi na gurudumu moja la mbele lililosogezwa mbali na kiti. Kigari cha namna hii tunachokiona leo kilipata umaarufu Marekani katika miaka ya 1980, pale Phil Baechler wa mji wa Yakima alipotaka kukimbia pamoja na mwanawe, akafunga magurudumu ya baiskeli kwenye kigari cha kawaida. Kilibuniwa kwa ajili ya mkimbiaji, na historia hiyo ndiyo inayoeleza kwa nini baadhi ya sifa zake hutufaa na nyingine hutusumbua.

Ukubwa wa gurudumu la mbele ndio unaoamua uchovu wa mikono yako. Chukua jiwe la kimo cha sentimita 5, ambalo ni la kawaida kabisa kwenye barabara zetu za changarawe. Ukipiga hesabu ya nguvu ya kusukuma kwa mlalo inayohitajika ili gurudumu lipande jiwe hilo bila kuinuliwa, utaona kwamba gurudumu la kipenyo cha sentimita 15 linadai takribani mara mbili na nusu ya nguvu inayodaiwa na gurudumu la sentimita 30 lenye mzigo uleule. Gurudumu dogo hugota, na kigari kikigota ghafla mtoto hutupwa mbele kwenye mikanda. Kwa hiyo, kwa mtu ambaye njia yake si ya lami, mimi simshauri achukue gurudumu la mbele lililo chini ya inchi 12, yaani takribani sentimita 30, hata kama kigari chenyewe kinavutia na ni chepesi. Vigari vya wakimbiaji hufika inchi 16, lakini hivyo ni virefu na huleta taabu mlangoni na dukani.

Jambo linalofuata ni kama gurudumu hilo linageuka au limekazwa lielekee mbele tu. Linalogeuka ni raha sokoni, kwa kuwa unaweza kupenya kati ya vibanda vya Kibuye kwa mkono mmoja, lakini kwenye mteremko au mwendo wa kasi huanza kutikisika kushoto na kulia, na kwenye changarawe hujigeuza ubavu na kukwama. Lililokazwa hushika mwelekeo vizuri, ila kila ukitaka kukata kona unalazimika kuukandamiza mshikio, ukiinue kichwa cha kigari na kukizungusha juu ya magurudumu ya nyuma, kazi inayoumiza mgongo wa mama aliyejifungua majuzi kwa upasuaji. Ninachopendekeza karibu kila mara ni gurudumu linalogeuka ambalo lina pini ya kulifunga, na pini hiyo iwe ya kushikika hata ikiwa na tope. Ukiwa dukani, ifunge pini, kisha ukisukume kigari kwenye sakafu iliyo sawa na ukiachilie. Kikivutwa upande mmoja ndani ya mita tatu, aidha gurudumu limepinda au ekseli, yaani chuma ambacho gurudumu huzungukia, haijakaa sawa, na kasoro hiyo utaisikia begani kila siku.

Kuna pia namna gurudumu lenyewe linavyoshikizwa. Vigari vingi vina wenzo wa kulichomoa haraka gurudumu la mbele ili kiingie garini, na hapo ndipo penye hatari isiyoonekana. Mwaka 2018 tume ya Marekani inayosimamia usalama wa bidhaa iliishtaki kampuni moja kuhusu karibu nusu milioni ya vigari vya magurudumu matatu, kwa sababu gurudumu la mbele lilikuwa likichomoka kigari kikiwa mwendoni pale ambapo wenzo haukufungwa sawasawa, na watoto na wazazi walikuwa wameumia. Miaka michache iliyopita nililetewa mtoto wa miezi tisa aliyechubuka paji la uso kwa namna hiyohiyo: kigari kilikuwa cha mtumba, gurudumu lilikuwa limechomolewa ili lioshwe, likarudishwa bila kukazwa, na likatoka kwenye tuta la kwanza. Mama yake alijilaumu sana, nami nilimwambia kwamba hakuna mtu aliyewahi kumwonyesha. Basi niwaonyeshe wote: kabla ya kutoka nyumbani, inua sehemu ya mbele na ulivute gurudumu kwa nguvu kuelekea chini, kila siku.

Sasa nije kwenye udhaifu mkuu wa umbo hili, ambao watu wa Kisumu wanaweza kuuelewa haraka kuliko wengine, kwa maana tuktuk zetu zina umbo lilelile. Kila abiria amewahi kuhisi tuktuk ikikata kona kwa kasi na gurudumu moja la nyuma likitaka kuinuka. Hii ni kwa sababu magurudumu matatu huchora pembetatu chini, na kadiri uzito unavyosogea mbele ndivyo upana unaoukinga unavyopungua. Tuseme umbali kati ya magurudumu mawili ya nyuma ni sentimita 60, na urefu kutoka ekseli ya nyuma hadi ya mbele ni sentimita 75. Uzito wa mtoto ukiwa sentimita 25 mbele ya ekseli ya nyuma, upana unaobaki kila upande si tena sentimita 30, bali ni 20. Ndiyo maana nasisitiza kiti kiwe chini na karibu na ekseli ya nyuma, na sehemu ya nyuma iwe pana, hata kama upana huo utakulazimu kupima mlango wako kwanza. Mteremko wa Riat au barabara zinazoshuka kutoka Milimani ya Nakuru usizikate kwa mshazari. Shuka moja kwa moja, ukiwa umevaa mkononi kamba iliyofungwa kwenye kigari. Na mifuko ya sokoni isitundikwe kamwe kwenye mshikio. Mkungu wa ndizi ukiwa nyuma na mtoto wa miezi mitano akiwa mbele, kigari hupinduka chali mara tu mtoto anapotolewa, au hata kabla.

Kuhusu tairi, maoni yangu hayafanani na ya wauzaji wengi, ambao husifu tairi ngumu za sponji kwa kuwa hazipati pancha. Ni kweli hazipati, na kwa njia ya lami zinatosha. Lakini kwenye changarawe hupitisha kila mtikisiko hadi kwenye mgongo wa mtoto, na mimi huchagua za upepo bila kusita. Soma maandishi ubavuni mwa tairi: ukikuta 12½ x 2¼, jua ni kipimo kinachotumika pia kwenye baiskeli ndogo za watoto, na fundi wa baiskeli ataweza kukutafutia tyubu. Vali nyingi huwa nene kama za gari na pikipiki, lakini usikimbilie mashine ya kituo cha mafuta, kwani tyubu ndogo hujaa kwa sekunde chache na kupasuka. Pampu ya mguu inatosha. Upepo wa tairi mbili za nyuma uwe sawa, la sivyo kigari kitavuta upande. Raba ya mtumba iliyokaa muda mrefu huwa na nyufa ndogondogo karibu na ukingo, na hiyo ni ya kubadilishwa.

Wazazi wengi hawaulizi kuhusu umri, na laiti wangeuliza hilo kabla ya yote. Mtoto mchanga hana uwezo wa kukishika kichwa chake. Akiketishwa kwenye kiti kilichoinuka, kidevu huangukia kifuani na njia ya hewa hubanwa bila kelele yoyote, kwa hiyo katika miezi ya mwanzo kigari kinachomfaa ni kile tu ambacho mgongo wake hulala bapa kabisa. Watoto wengi huimudu shingo wakiwa na miezi 3 hadi 4, na huketi bila kuegemezwa kati ya miezi 6 na 8. Kukimbia naye, au kumpitisha kwenye mawe kwa mwendo wa haraka, kungoje hadi aketi mwenyewe bila kuyumba, na kamwe kusiwe kabla ya miezi 6. Kwa mtoto njiti, hesabu miezi hiyo tangu tarehe aliyotarajiwa kuzaliwa, wala si tangu siku aliyozaliwa. Kabla ya hapo, leso ya kumfunga kifuani au mgongoni, miguu ikiwa imepanuka na magoti yameinuka, ni nzuri kwa nyonga zake, nami sioni haya kumwambia mzazi aahirishe ununuzi.

Mikanda iwe ya ncha tano: miwili mabegani, miwili kiunoni na mmoja katikati ya miguu. Kwenye vigari vya mtumba, huo wa katikati mara nyingi umekatwa, na bila huo mtoto huteleza chini. Breki ya kuegeshea ifunge magurudumu yote mawili ya nyuma. Maandishi EN 1888 ya Ulaya au ASTM F833 ya Marekani kwenye fremu huonyesha kiwango ambacho kigari kilitengenezwa kukifuata. Na kwa jua letu la saa sita, tafadhali usikifunike kigari kwa leso au shuka. Hewa husimama, na ndani huwa pamoto kuliko nje.

Unapokwenda kununua, beba pakiti tano za unga za kilo mbili mbili ndani ya gunia dogo, ulifunge kwa mikanda kama vile ungemfunga mtoto, kisha uombe ruhusa ya kukitoa kigari nje ya duka. Kisukume juu ya changarawe, kivushe ukingo wa barabara, kizungushe penye mteremko, funga breki na ukisukume tena. Inua gunia utoke nalo, uone kama kigari kinabaki wima. Kisha kikunje mwenyewe kwa mkono mmoja, huku mwingine ukilishikilia gunia, ukiangalia vidole visikaribie bawaba, na uite tuktuk uone kama kinaingia.