Vifaa vya uhandisi kwa watoto wadogo: dhana tunazozisikia Mtwara, na ukweli wake

Ukimwambia mzazi wa hapa Mtwara kwamba unatengeneza vifaa vya kumwingiza mtoto wa miaka minne au mitano kwenye uhandisi, atakuuliza swali kabla hujamaliza: "Fundi, huyu hata kuhesabu vizuri hajui, uhandisi ataufanyia nini?" Swali hilo ni la haki. Mhandisi tunayemjua sisi ni yule wa mitambo ya gesi Madimba, au yule aliyevaa kofia ngumu chini ya kreni za bandari. Mimi nachonga vifaa kwa ajili ya madarasa ya awali, kisha nakaa pembeni na walimu tuangalie watoto wanavyovitumia. Nilichojifunza ni kwamba kifaa huharibiwa na fikra za anayekitengeneza au anayekinunua, hata kabla mbao haijakatwa. Fikra zenyewe ni hizi.

Dhana: Uhandisi husubiri hesabu na fizikia

Nenda ufukweni Mikindani jioni. Mtoto anaokota kifuu, anachomeka kijiti, anafunga jani liwe tanga, anakisukuma majini. Kinapinduka. Anakitoa, anatia vijiwe chini, anarudisha, kinasimama. Manahodha wa madau wanafanya hivyohivyo kwa farumi, ule uzito unaowekwa chini ya chombo kisipinduke, na hakuna aliyemfundisha huyu mtoto. Alikuwa na shida, akatoa wazo, akajaribu, akaona kasoro, akarekebisha. Huo ndio uhandisi wenyewe. Hesabu itakuja baadaye kumweleza kwa nini vijiwe vilisaidia.

Wala jambo hili si jipya. Mjerumani Friedrich Froebel alianzisha shule ya watoto wadogo mwaka 1837, na miongoni mwa vifaa vyake vikuu vilikuwa vipande vya mbao vya kupanga na kujengea. Tangu wakati huo waliobuni vifaa vizuri wamefuata kanuni mbili ambazo mimi nazishikilia kuliko zote: kifaa kimwachie mtoto uamuzi, na kimjibu palepale. Kikikosa mojawapo, hata kiwe kizuri namna gani machoni, ni pambo.

Dhana: Bila tableti au roboti, mtoto hajaguswa na uhandisi wa kisasa

Hii ndiyo inayowagharimu wazazi fedha nyingi. Mtu anajibana msimu mzima wa korosho anunue tableti, akiamini amemfungulia mwanawe mlango. Mtoto anaishia kuangalia katuni.

Tuanzie kwa watu wa kompyuta wenyewe. Miaka ya 1970, katika chuo cha MIT kule Marekani, mwanafunzi aitwaye Radia Perlman alipewa kazi ya kutafuta njia ya watoto wasiojua kusoma kuiongoza roboti ndogo iliyoitwa kasa. Lugha ya kompyuta ya watoto, Logo, ilikuwapo tangu 1967, lakini ilitaka mtoto aandike maneno. Perlman alitengeneza sanduku la vitufe: bonyeza hiki kasa aende mbele, kile ageuke. Baadaye akatengeneza mashine ambayo mtoto alichomeka kadi za plastiki kwenye mistari ya rangi, kila kadi ikiwa amri moja. Mtoto aliushika mpango wake mkononi, akauona umejipanga mbele yake. Perlman huyohuyo ndiye aliyekuja kubuni, mwaka 1985, kanuni inayozuia taarifa zisizunguke bila mwisho ndani ya mitandao ya kompyuta.

Miaka mingi baadaye, timu ya profesa Marina Umaschi Bers ilirudi kwenye njia hiyohiyo. Roboti yao KIBO, ya watoto wa miaka 4 hadi 7, huongozwa kwa vipande vya mbao ambavyo mtoto anavipanga sakafuni, kisha roboti inavisoma kimoja kimoja. Haina kioo wala kibodi. Wenye kompyuta za kila aina walichagua mbao, kwa sababu mtoto wa umri huu hufikiri kwa mikono. Shirika la Afya Duniani nalo, katika mwongozo wake wa 2019, linataka watoto wa miaka 2 hadi 4 wasikae mbele ya kioo zaidi ya saa moja kwa siku, na ikipungua ni bora zaidi.

Mchezo wa kasa unaweza kuchezwa Masasi au Nachingwea umeme ukiwa umekatika. Chora miraba kwa chaki sakafuni, kata kadi za boksi, chora mishale: mbele, geuka kulia, geuka kushoto. Mtoto mmoja anapanga kadi, mwenzake anakuwa roboti na kutii kadi tu, hata kama zinampeleka ukutani. Akigonga ukuta, aliyepanga anarudi kwenye kadi zake kutafuta ile iliyomponza. Sharti ni moja, na walimu hulisahau: kadi zote zipangwe kabla roboti hajaanza kutembea. Ukimruhusu mtoto atoe kadi moja moja huku akiangalia, anaongoza tu, hajapanga kitu.

Dhana: Kifaa cha mtoto ni cha mtu mzima kilichopunguzwa

Chukua nyundo. Ya fundi wa kawaida ina karibu nusu kilo. Mtoto wa miaka mitano akiishika, vidole vinapanda vyenyewe hadi shingoni, karibu kabisa na chuma, maana huko ndiko uzito unakobebeka. Mpini uliobaki unamgonga kwenye mkono. Wengi wakiona hivyo wanakata mpini, na nyundo inabaki nzito vilevile. Kinachotakiwa ni kichwa chepesi, nusu ya uzito ule au chini, uso wake uwe mpana ili asikose msumari, na mpini mwembamba unaojaa kiganja chake. Msumari wa bati unamfaa kuliko wa kawaida kwa sababu kichwa chake ni kipana. Mbao iwe laini, na mtu mzima atangulize tundu kwa kekee.

Mara nyingine kifaa cha mtoto hutakiwa kiwe kikubwa kuliko cha mkubwa. Kampuni ya LEGO ilipotaka matofali ya watoto wadogo, mwaka 1969 ilitoa Duplo, ambayo kila upande ni mara mbili ya tofali la kawaida: urefu, upana na kimo. Na bado yanashikana na yale madogo, mtoto akikua haanzi upya. Huo ni ubunifu wa hali ya juu, na umetokana na kuutazama mkono wa mtoto.

Kwa seremala wa hapa, kazi inayolipa kuliko zote ni vipande vya kujengea vilivyoenezwa na mwalimu wa Marekani, Caroline Pratt, karibu mwaka 1913. Kipande kizima kina takriban sentimita 14 kwa 7 kwa 3.5. Yaani urefu ni mara mbili ya upana, na upana mara mbili ya unene. Vipande vingine vyote vinatokana na hicho: nusu, maradufu, pembetatu. Mtoto akikosa kirefu anaunganisha vifupi viwili na vinalingana sawasawa. Hapo ameshika sehemu na uwiano kiganjani kabla hajasikia habari zake darasani.

Ila visipolingana kweli, kifaa kinamdanganya mtoto, na mafundi wengi wanakosea mahali pamoja. Fundi anachukua kipande cha sentimita 14 anakikata katikati apate nusu mbili. Msumeno unakula milimita 2 au 3 njiani, kwa hiyo nusu mbili hazifikii kimoja kizima. Mtoto anajenga ghorofa ya tatu, upande mmoja unashuka, mnara unalala. Anaamini kosa ni lake, kumbe ni la msumeno. Kila nusu ipimwe peke yake, sentimita 7 kamili, kutoka kwenye mbao ndefu. Wazazi wawe wakali kwenye hilo kama walivyo wakali kwenye vipimo vya mlango.

Kuhusu mbao, huku Umakondeni mtu atakushauri mpingo. Uacheni kwa wachonga vinyago. Mpingo ni mzito hadi unazama majini, na kipande kimoja cha vipimo vile kinakaribia gramu 400. Kikimwangukia mtoto mguuni atachukia ujenzi. Mninga una uzito wa karibu nusu ya huo, na mabaki yake hayakosekani kwenye karakana. Pigeni msasa hadi kingo ziwe mviringo, pakeni nta ya nyuki, basi. Rangi za kawaida za mafuta ziepukeni kwa vitu vya watoto, kwa sababu baadhi yake zina madini ya risasi, na risasi hudhuru ubongo unaokua hata kwa kiasi kidogo.

Dhana: Cha dukani ni salama, cha fundi ni hatari

Hatari ninayoihofia kuliko msumeno imo ndani ya vitu vya dukani vinavyoimba na kuwaka taa: betri bapa ya duara, kama kifungo. Mtoto akiimeza ikakwama kooni, inaanza kuchoma nyama za koo, na ndani ya saa mbili inaweza kuacha jeraha baya sana. Kama sehemu ya betri haikufungwa kwa skrubu, usikinunue. Na mtoto akimeza, hospitali mara moja, usisubiri uone.

Kwa walio chini ya miaka mitatu, kuna kipimo kinachotumiwa na wakaguzi wa vitu vya kuchezea: silinda yenye tundu la milimita 31.7. Kitu kinachozama chote humo kinaweza kumkaba mtoto. Kata kipande kifupi cha bomba chenye tundu la ukubwa huo, ukiweke kwenye kona ya kujifunzia, upitishe kila kitu kabla ya kukigawa.

Vifaa vya kuokota navyo vinataka macho. Wilaya zetu zimejaa korosho, na mwalimu anayetafuta vihesabio au magurudumu ya kigari atashawishika kuchukua korosho zenye maganda. Asifanye hivyo. Ganda lina mafuta yanayochoma ngozi, wabanguaji wanayajua vizuri, na mtoto hupeleka kila kitu mdomoni. Zile mbegu nyekundu zenye doa jeusi, nzuri kama shanga, ni sumu. Mbegu za mnyonyo vilevile. Vizibo vya chupa, vifuu vilivyosuguliwa, ndala kuukuu za kukatia magurudumu, mianzi: hivyo vinatosha kabisa kwa waliovuka miaka mitatu.

Msumeno mdogo, kwa upande wake, unaweza kutumiwa na mtoto wa miaka mitano ikiwa mbao imebanwa kwenye jiriwa, mikono yote miwili iko kwenye mpini, miwani ya kukinga macho imevaliwa, na mtu mzima mmoja hana kazi nyingine zaidi ya kusimama hapo.

Dhana: Hivi ni vya wavulana

Nimeshamtaja Perlman na Bers, wote wanawake. Tofauti ninayoiona darasani huletwa na sisi: wasichana wanapelekwa kona ya jikoni kabla hawajaulizwa. Wekeni mbao katikati ya darasa.

Dhana: Mtoto apewe mfano aufuate, na akikosea arekebishwe

Watoto wa Nanyumbu wana Daraja la Umoja pale Mtambaswala, lenye urefu wa mita 720 kuvuka mto Ruvuma, lililofunguliwa mwaka 2010. Tunalitumia. Mwalimu anachora mto kwa chaki, upana wa sentimita 18, na sheria ni kwamba mitumbwi lazima ipite katikati, kwa hiyo hakuna nguzo ndani ya maji. Maradufu tunaziweka kando, kwa hiyo kipande kirefu kuliko vyote ni cha sentimita 14. Hakifiki.

Msichana mmoja aliweka kipande kila ukingo, kimoja kikielekea kingine. Vyote viwili vilitumbukia. Akaviweka tena, polepole zaidi, vikatumbukia. Mwalimu akanyoosha mkono amsaidie, nikamwomba asubiri. Mtoto akashika mkia wa kipande kwa kidole, kikatulia. Akaondoa kidole, kikaanguka. Akakaa akikitazama kidole chake, halafu akachukua kipande kingine akakiweka pale kidole kilipokuwa. Kimoja hakikutosha, akaongeza cha pili juu yake. Akahamia ng'ambo akafanya vilevile.

Kama angepewa picha ya daraja lililokwisha kujengwa, angenakili umbo bila kujua vile vipande vya nyuma vinafanya kazi gani. Anachohitaji kwa mwalimu ni swali fupi: "Mwanangu, kimeangukia upande gani?" Kisha mwalimu anyamaze.

Newala na Tandahimba, ambako maji yamekuwa shida ya miaka mingi na watu hukinga ya mvua, zoezi linalowavuta ni la mifereji. Pasua mianzi, ifunge ukutani kwa kamba zinazofunguka, mpe mtoto kikombe cha maji na ndoo iliyowekwa mbali. Maji yakimwagika, anaona yalipomwagikia. Kamba zifunguke kirahisi kwa vidole vyake, kwa sababu mfereji usiohamishika haumwachii uamuzi wowote.

Kwa shule inayotaka kuanza: mpelekee seremala vipimo hivi vimeandikwa, umwombe atumie mabaki, vipande vizima 40, nusu 40 na maradufu 20. Hiyo inatosha kundi la watoto wanne au watano kwa zamu. Kagua nusu mbili juu ya kizima kimoja kabla hujalipa.