Puta si ya kumalizia tu: yanayoaminiwa kuhusu diski za wakali, na ukweli wenyewe

Katika gofu ya diski, mchezo wa kufikisha diski kikapuni kwa mirusho michache iwezekanavyo, hakuna kifaa kinachoshikwa mara nyingi kama puta, na hakuna kinachosemewa uongo mwingi kama hicho. Puta ni ile diski nene, yenye ukingo mwembamba na butu, ambayo mchezaji huirusha kwenye minyororo ya kikapu ili kufunga shimo. Draiva, diski ya masafa marefu, hupigiwa makofi kwa sababu inaruka mbali, lakini mirusho mingi hupotea au kuokolewa hatua chache kutoka kikapuni. Ndiyo maana huniuma kumwona mchezaji mpya akichagua puta kwa kufuata maneno aliyoyaokota njiani. Haya ndiyo yanayovuma zaidi.

“Puta ni ya mita chache za mwisho”

Dhana hii ilistahili kuzikwa Juni 2021, mjini Ogden, jimbo la Utah nchini Marekani. Ilikuwa siku ya mwisho ya ubingwa wa dunia, shimo la 18. Paul McBeth alikuwa mbele kwa mrusho mmoja na taji lilionekana ni lake. James Conrad alikuwa umbali wa futi 247 kutoka kikapuni, takriban mita 75, na hakubakiwa na njia yoyote isipokuwa kuingiza kutoka pale pale alipo. Akaingiza. Wawili hao wakalingana, wakachezeshwa shimo la ziada, na Conrad akaondoka bingwa wa dunia. Diski iliyotoka mkononi mwake ilikuwa Envy ya kampuni ya Axiom. Hiyo ni puta.

Kwa nini mtu arushe puta umbali ule wakati mfuko umejaa diski za kasi? Jibu liko kwenye ukingo. Kanuni zinaruhusu ukingo wa diski uwe na upana usiozidi sentimita 2.6, na draiva za masafa marefu huusogelea mpaka huo. Puta huwa na karibu sentimita 1. Ukingo mpana na mkali hukata hewa vizuri, lakini unadai mkono wenye kasi kubwa. Kasi ikipungua, diski hukunja upande mapema na kuanguka mbali na lengo. Puta hailazimishi hivyo. Inakwenda polepole, inashika mstari ulioipa, na ikifika chini haitelezi sana. Kwa mrusho unaotaka usahihi kuliko umbali, hilo ndilo hasa linalotafutwa. Wachezaji wa kulipwa hurusha puta tangu kwenye kianzio katika mashimo mafupi, na wenye mikono yenye nguvu huifikisha mita 80 na zaidi bila shida.

Kwa anayejifunza faida ni kubwa zaidi. Draiva inaficha kasoro za mkono, kwa sababu hata ikitoka vibaya itasogea mbali kidogo na mrushaji ataridhika. Puta iliyotoka vibaya inayumbayumba hewani waziwazi, na unaiona. Kama ningeruhusiwa kumpa mchezaji mpya diski moja tu kwa miezi yake ya kwanza, ningempa puta, na draiva ingesubiri.

Isitoshe, ndani ya jamii ya puta kuna diski ambazo wengi hawazitumii kufungia kabisa. Zone ya Discraft na Berg ya Kastaplast ni mfano. Zone inakunja kwa uhakika hata ikirushwa kwa nguvu au dhidi ya upepo. Berg karibu haielei, inashuka pale unapoitaka ishuke. Kazi ya zote mbili hasa ni kusogeza: kukufikisha karibu na kikapu ili mrusho unaofuata uwe mwepesi.

“Nikinunua puta ya bingwa, nitafunga kama bingwa”

Hili ndilo linalowala watu fedha, kwa hiyo nitakaa hapa.

Tuanze na Ken Climo, aliyetwaa ubingwa wa dunia mara 12: miaka 9 mfululizo kuanzia 1990 hadi 1998, kisha 2000, 2002 na 2006. Puta aina ya Aviar ya kampuni ya Innova ina toleo linalobeba herufi za jina lake, KC, na mpaka leo linauzwa na kupendwa. Ukiishia hapo, ni rahisi kuamini kwamba siri iko kwenye Aviar.

Sasa mtazame McBeth. Alishinda ubingwa wa dunia mara 4 mfululizo, 2012 hadi 2015, akiwa chini ya Innova. Mwanzoni mwa 2019 akahamia Discraft. Kuhama kampuni kwa mchezaji wa kiwango kile ni kubadilisha mfuko mzima, puta ikiwemo, baada ya miaka ya kuzoea diski zilezile. Discraft ikatoa puta iliyochapwa jina lake, iitwayo Luna. Mwaka huohuo wa 2019, katika msimu wake wa kwanza na diski mpya, akatwaa ubingwa wa tano. Mwaka 2022, huko Emporia, Kansas, akaongeza wa sita. Kilichobadilika ni plastiki. Mkono na saa za mazoezi havikubadilika, na sidhani kuna ushahidi mzuri kuliko huo.

Jambo la pili ni udhamini. Mwaka 2021 Discraft ilitangaza kumwongezea McBeth mkataba wa miaka 10 wenye thamani ya dola milioni 10. Mikataba ya namna hii huja na masharti, na mara nyingi mchezaji anatakiwa arushe diski za mdhamini wake. Kwa hiyo unapoona orodha ya diski za mchezaji fulani, jua kwamba uchaguzi wake ulifanyika ndani ya uzio. Hakuchagua kati ya puta zote duniani; alichagua kati ya zile za kampuni inayomlipa. Hii haimaanishi kwamba anadanganya anapoisifu. Ndani ya uzio huo anachambua sana, na makampuni mengi huwashirikisha wachezaji wao wakati wa kutengeneza diski. Ila sifa anazoipa si tangazo kwamba puta nyingine zote ni dhaifu.

Halafu kuna diski zenye saini ya mchezaji. Sehemu ya mauzo yake humfikia mchezaji mwenyewe na humsaidia kugharimia safari za mashindano, na kwa sababu hiyo ni jambo jema kuzinunua. Lakini jina lililochapwa juu ya diski halikuhakikishii kwamba yeye anatumia plastiki hiyohiyo na uzito huohuo uwanjani. Mara nyingi ni vitu viwili tofauti.

Basi wakali wanatafuta nini? Wanatafuta puta inayotoka mkononi kwa namna moja kila mara. Kina cha ukingo kinavyokaa kwenye vidole, mgongo wa diski ulivyo bapa au uliobinuka, ugumu wake unapoibana, ndivyo vinavyoamua. Mtindo wa mtu nao una neno. Wapo wanaosukuma diski kwa mwili na miguu, ikatoka ikizunguka kidogo tu na kupanda kwa tao hadi kwenye minyororo. Wapo wanaoizungusha kwa kifundo cha mkono, ikaenda kwa mstari ulionyooka na kasi kubwa. Puta inayomfaa wa kwanza yaweza kumtesa wa pili. Ukiiga diski ya mchezaji ambaye mtindo wake ni kinyume cha wako, umenunua jibu la swali la mtu mwingine.

Mkali akishaipata puta inayomfaa, hanunui moja. Ananunua rundo la kalibu moja, yaani umbo lilelile la diski, plastiki moja, uzito unaokaribiana, na kufanya mazoezi nalo. Mfukoni atabeba puta mbili hivi za kufungia peke yake, na nyingine, mara nyingi za kalibu ileile au inayofanana, za kurusha mbali. Sababu ya kuzitenga ni ya kiutendaji: puta inayogonga miti na mawe huchubuka ukingo, na ukingo uliochubuka hautoki mkononi kama jana. Hili ndilo la kuiga kwa wakali. Puta tatu zinazofanana zitakufundisha zaidi ya puta tatu za mabingwa watatu.

“Namba zilizoandikwa juu ya diski ni kipimo rasmi”

Diski nyingi huandikwa namba nne: kasi, kuelea, kugeuka (upande mmoja, diski ikiwa bado na kasi) na kukunja (upande wa pili, kasi ikipungua). Aviar ni 2, 3, 0, 1. Luna ni 3, 3, 0, 3. Ukizisoma hivyo unaona Luna inakunja zaidi mwishoni, na kwa ujumla hilo ni kweli.

Lakini PDGA, chama cha wachezaji wa kulipwa kilichoanzishwa mwaka 1976 na Ed Headrick, yuleyule aliyebuni kikapu cha minyororo, hakipitishi namba hizo. Kinachokaguliwa ni vipimo vya diski yenyewe: kipenyo, kimo, kina na upana wa ukingo, uzito, na kama plastiki inapinda inavyotakiwa. Namba za urukaji huwekwa na kila mtengenezaji kwa mizani yake. Kukunja kwa 2 katika kampuni moja si lazima kulingane na 2 ya kampuni nyingine. Zaidi ya hapo, namba zinahusu diski mpya iliyorushwa kwa kasi inayostahili. Puta iliyogonga minyororo kwa msimu mzima hupoteza sehemu ya kukunja kwake na kunyooka. Na ukiwa mita 6 kutoka kikapuni, ukirusha taratibu, sehemu kubwa ya namba hizo haipati hata nafasi ya kujionyesha. Pale mkono wako unajua zaidi kuliko maandishi.

“Plastiki ya bei ya juu ndiyo bora, na laini ndiyo inayong'ang'ania minyororo”

Hapa kuna makosa mawili yaliyofungwa pamoja. La kwanza ni kupima ubora kwa bei. Plastiki ghali, kama Champion na Star za Innova au Z na ESP za Discraft, hudumu muda mrefu na inafaa sana draiva zinazopigana na miti. Plastiki ya bei ya chini, kama DX au Pro-D, huisha haraka, lakini baadhi yake hushikika vizuri mkononi, na wachezaji wengi wa kulipwa hufungia kwa plastiki za namna hiyo au michanganyiko iliyotengenezwa kwa ajili ya puta. Kwenye kufunga, mshiko ni muhimu kuliko umri wa diski.

La pili lina chembe ya ukweli. Puta laini hunywa pigo la minyororo, na ikianguka chini haibiringiki mbali sana. Ila minyororo hushika diski kutokana na kimo, kasi na pembe iliyoingia nayo. Puta laini iliyofika kandoni mwa minyororo itatoka kama ngumu tu. Ngumu nayo ina faida yake, huachia vidole kwa usafi bila kujipinda. Na usisahau hali ya hewa: baridi huikaza plastiki, joto huilegeza, kiasi kwamba puta uliyoipenda asubuhi yaweza kuwa nyingine mchana. Wapo wanaobeba kalibu moja katika ugumu tofauti kwa sababu hiyo, na naona wana busara.

“Puta nzito ni za wenye nguvu”

Kanuni inaruhusu gramu 8.3 kwa kila sentimita ya kipenyo, na diski yoyote isizidi gramu 200. Puta ya kipenyo cha sentimita 21.2 kwa hiyo inaishia karibu gramu 176, na wachezaji wengi wa kulipwa, wanawake na wanaume, wako karibu na kikomo hicho. Kufunga kutoka mita 8 hakudai msuli. Kinachosumbua ni upepo: wa mbele huinua puta, wa nyuma huikandamiza ikaanguka mapema, na nyepesi huteseka zaidi katika hali zote mbili. Kwa mtoto mwenye mkono mdogo nyepesi ni sawa kabisa. Kwa mtu mzima, sioni sababu ya kuikimbia nzito.

Mengine ya haraka

Kuhusu ule mkunjo mwembamba kama ushanga chini ya ukingo: wengine huapa kwamba puta isiyo nao haifai. Dynamic Discs hutengeneza Judge yenye mkunjo huo na Warden ambayo ni Judge bila huo, na zote zina wapenzi wake. Zishike zote mbili, vidole vitasema.

Husemwa pia kwamba bingwa hakosi. Ndani ya mita 10 wakali hufunga sehemu kubwa sana ya mirusho yao, hilo ni kweli. Kati ya mita 10 na 20, hata wao hukosa mara nyingi kuliko wanavyofunga. Ukikosa kutoka mita 15, usiitupe puta yako.

Na wapo wanaodhani mtu anaweza kuichonga diski anavyotaka. Kulainisha kwa msasa mikwaruzo au kasoro ndogo za kiwandani kunaruhusiwa. Kubadilisha diski ili iruke tofauti na ilivyotengenezwa, au kuipaka kitu chenye unene unaohisika, hakuruhusiwi. Diski iliyopasuka nayo hairuhusiwi mashindanoni, hata ukiwa umeizoea kiasi gani.