Filodendroni za majani makubwa: tazama shina kwanza

Wateja wanaofika kitaluni wakiwa na picha ya jani kubwa kwenye simu huniuliza jina la mmea, nami hulazimika kuwauliza kama wanayo pia picha ya shina. Jani la filodendroni, mmea huu wa mapambo, hubadilika umbo, ukubwa na hata rangi kadiri mmea unavyokua, kiasi kwamba mche na mmea uliokomaa wa aina moja huweza kudhaniwa kuwa mimea miwili isiyo na undugu. Philodendron melanochrysum, ambayo asili yake ni Kolombia, ikiwa changa huwa na majani madogo yenye umbo la moyo. Ikishapanda mti na kukomaa, majani hayo hurefuka kupita nusu mita na kuning'inia, yakiwa ya mahameli yenye kijani kinachokaribia weusi. Wataalamu wa karne ya 19 waliipa kila hatua jina lake kabla haijabainika kwamba mmea ni ule ule.

Huku Pwani, mmea unaowapotosha wengi si filodendroni hata kidogo. Ni Epipremnum aureum, ule mtambazi wenye madoa ya njano ambao watu huuita maniplanti, na asili yake ni kisiwa cha Moorea katika Polinesia ya Kifaransa. Ukiwa ndani ya chungu sebuleni, jani lake ni dogo tu, lakini ukiachiwa upande mwembe au mnazi hutoa majani yanayozidi nusu mita, yenye mipasuko pembeni. Wapo wauzaji wanaokata pingili kutoka juu ya mti huo na kuiuza kama filodendroni adimu. Pingili hiyo ikipandwa kwenye kiriba bila kitu cha kukwea, hurudia kutoa majani madogo, na mnunuzi hubaki akijilaumu kwamba ameshindwa kuitunza.

Kinga ya udanganyifu huo ni kulitafuta jani jipya kuliko yote na kuangalia linatokea wapi. Kwenye filodendroni za kukwea miti na za kutambaa, jani changa huja limefungwa ndani ya ala, yaani ngozi laini ya kijani hafifu au ya waridi inayochomoza kando ya kikonyo cha jani lililotangulia. Jani likishakunjuka, ala hiyo hunyauka. Kwa aina fulani hudondoka, kwa nyingine hubaki kwenye shina ikiwa nyuzi za kahawia. Maniplanti na Monstera deliciosa, mmea mwingine wa mapambo wenye majani makubwa, hazina ala ya namna hiyo, bali jani changa huteleza kutoka katika mfereji wa kikonyo cha jani la kabla yake. Baada ya hapo, pitisha kidole juu ya kikonyo mpaka kinapokutana na bapa la jani. Ukikuta uvimbe kama goti, ambao huliwezesha jani kugeukia mwanga, basi karibu hakika mmea ulioshika si filodendroni. Matundu yaliyozungukwa na jani pande zote, hasa karibu na mshipa mkuu, nayo ni alama ya Monstera. Jani la filodendroni huweza kuchanika sana kutoka ukingoni, lakini kwa kawaida halitoboki.

Ukishajiridhisha kwamba ni filodendroni, tazama shina linaelekea wapi, kwa kuwa matunzo yote hufuata hapo. Mmea mkubwa wa majani yaliyochanika unaopandwa sana katika bustani za hoteli, ambao vitabu vya zamani huuita Philodendron bipinnatifidum au selloum, husimama wenyewe, na shina lake nene hubaki na makovu ya majani yaliyoanguka, kila kovu likiwa na umbo la jicho. Mwaka 2018 ulihamishiwa katika jenasi (kundi la mimea yenye undugu wa karibu) ya Thaumatophyllum. Wauzaji wataendelea kuuita filodendroni, nami sioni haja ya kugombana nao. Asili yake ni Brazil na nchi jirani, na ua lake hujipasha joto kupita nyuzi 40 jioni linapofunguka, jambo linalowavutia mbawakawa wanaolichavusha. Huu upande ardhini na uuachie nafasi ya kutosha, kwani haupendi kubanwa ukutani.

Melanochrysum na Philodendron giganteum ya visiwa vya Karibi, ambayo jani lake hufikia mita moja, ni za kukwea miti. Bila nguzo hazitakupa majani makubwa hata uziwekee mbolea kiasi gani. Mimi hutumia gogo lililozungushiwa makumbi ya nazi, nikalilowesha mara kwa mara ili mizizi ya hewani ipate pa kushika.

Kuhusu udongo, mfinyanzi mweusi huziua zote kwa kuozesha mizizi. Changanya makumbi ya nazi yaliyokatwakatwa, vipande vya mkaa, mchanga wa mto na samadi iliyooza kabisa, lakini makumbi yalowekwe na kusuuzwa kwanza ili chumvi itoke. Chumvi hiyo hiyo ndiyo tatizo la maji ya visima vingi vya Dar es Salaam: kingo za majani zikikauka na kuwa kahawia ilhali udongo una unyevu, shuku maji kabla ya kushuku ugonjwa, na ukinge ya mvua. Mwagilia pale tu udongo wa juu unapokuwa umekauka. Majani ya chini yakigeuka manjano huku shina likilainika, maji yamezidi.

Mwanga uwe mwingi lakini si jua kali la moja kwa moja. Kivuli cha mti wenye majani machache kinafaa. Joto la Pwani linazifaa sana. Kwa wakazi wa Nairobi na nyanda za juu, zile za mahameli zihamishiwe ndani mwezi Juni na Julai, ilhali ile ya kusimama huvumilia baridi vizuri zaidi. Jani la mahameli lisipakwe mafuta ya nazi wala maziwa ili ling'ae. Vumbi litolewe kwa brashi laini iliyo kavu.

Mimea hii yote ina fuwele za oksaleti ya kalsiamu, zile zile zinazowasha koo kwa anayekula magimbi yasiyoiva, na magimbi ni ya familia hiyo hiyo. Vaa glavu unapokata, na uweke mmea mbali na watoto wadogo, mbuzi na paka.

Imebaki Philodendron gloriosum, nayo ni ya Kolombia, yenye mishipa myeupe juu ya jani la mahameli. Hii hutambaa, kwa hiyo nguzo haina kazi kwake. Ipande kwenye chombo kirefu kuliko kilivyo na kina, shina likae juu ya udongo na mizizi pekee ndiyo ifukiwe, maana shina likizikwa huoza. Ncha ikifika ukingoni, kata nyuma yake ukiiachia vifundo viwili au vitatu vyenye mizizi, ihamishie chombo kingine, na kipande cha nyuma ukiache kilipo, kwa kuwa kikipata unyevu wa wastani huchipua tena.