Pingi ni nini, na kwa nini bando kubwa haliishushi

"Nimeweka bando la GB kumi, mjomba, na bado nakwama kwenye gemu."

Huyo ni mpwa wangu, Jumamosi jioni, kaegemea ukuta wa sebule yangu hapa Mabatini, Mwanza, na simu imeshapata moto mkononi. Kwenye kona ya juu ya kioo kuna kitarakimu chekundu: 243. Nikamwambia hela ya bando hilo angenunua sato tukala wote. Hakucheka.

Kile kitarakimu ndicho pingi. Ni muda ambao ujumbe mdogo kutoka kwenye simu yako unatumia kufika kwenye seva ya gemu, yaani kompyuta ya mbali inayoendesha mechi, pamoja na muda wa jibu kukurudia. Unapimwa kwa milisekunde, yaani sekunde moja iliyokatwa vipande 1,000. Ni hivyo tu. Wingi wa GB haumo humo, wala kasi ya kupakua, wala ile mistari ya mtandao inayojaa juu ya simu na kukudanganya kwamba mambo ni mazuri. Na haina undugu na pingu, ingawa ukiwa na 243 unaweza kudhani umefungwa mikono.

Huku kwetu mfano wa kuielewa upo karibu. Kabla ya daraja la Kigongo–Busisi kufunguliwa Juni 2025, tulivuka ziwa kwa kivuko. Kilimeza malori, mabasi na abiria kwa mkupuo mmoja. Kwa kubeba, kilikuwa kinabeba. Lakini bodaboda mwenye barua moja mfukoni alipanga foleni ileile na malori ya pamba, akavuka kwa mwendo uleule, kisha jibu lake likasubiri kivuko kigeuze. Mzigo unaovushwa kwa mkupuo ndio zile megabiti zinazotangazwa kwenye mabango. Muda wa barua kwenda ng'ambo, Sengerema, na jibu kurudi ndio pingi. Lete kivuko kikubwa mara mbili, malori mengi zaidi yatavuka, ila barua itafika palepale saa ileile. Na GB za bando hata si ukubwa wa kivuko. Ni tiketi tu. Mpwa wangu alikuwa amenunua tiketi nyingi.

Ndiyo maana video inateleza bila shida kwenye simu hiyohiyo inayokwama kwenye gemu. Programu ya video inapakua mapema sekunde kadhaa za mbele na kuziweka akiba, kwa hiyo kila ujumbe ukichelewa robo sekunde wewe huoni kitu. Gemu haina akiba ya kuweka, kwa sababu hakuna anayejua mpinzani wako atakimbilia wapi.

Jina lenyewe limetoka majini. Desemba 1983 Mmarekani mmoja, Mike Muuss, aliandika programu fupi ya kupima kama kompyuta nyingine kwenye mtandao inajibu, akaiita "ping", kwa ule mlio wa vyombo vinavyotuma sauti majini na kusikiliza mwangwi wake. Ni kazi ileile inayofanywa na kifaa cha kutafutia samaki: sauti inashuka, inagonga sangara au inagonga sakafu, inarudi, unahesabu muda. Majini sauti hukimbia karibu mita 1,500 kwa sekunde. Kwenye kina kirefu kabisa cha Ziwa Victoria, mita kama 80, kwenda na kurudi ni milisekunde 107 hivi. Ishike hiyo namba.

Sasa hesabu ya kwetu. Data husafiri kama mwanga ndani ya uzi wa kioo, na mwanga ndani ya kioo huenda karibu kilomita 200,000 kwa sekunde. Kwa hiyo kila kilomita 100 za waya zinakula milisekunde moja, kwenda na kurudi. Mwanza hadi Dar es Salaam kwa kufuata barabara ni zaidi ya kilomita 1,100: milisekunde 11. Pale Dar waya unaingia baharini. Kama seva ya gemu yako iko Ulaya, ongeza kilomita kama 10,000, yaani milisekunde 100. Jumla 111, na hapo hatujahesabu mnara, wala vituo vya njiani ambako kila ujumbe unasimama kidogo kuelekezwa. Karibu sawa na mlio kushuka hadi sakafu ya ziwa na kurudi! Hata ungenunua simu kwa dhahabu ya Geita, chini ya hapo huendi. Kama gemu ina seva ya karibu zaidi, tuseme Johannesburg, chagua hiyo. Ni kitufe kimoja kwenye mipangilio, na kimenisaidia kuliko simu zote "za wacheza gemu" nilizowahi kutamani. Zile programu zinazoahidi kukushushia pingi kwa kubonyeza mara moja, mimi nazihesabu pamoja na dawa za kuotesha nywele.

Waya za baharini zenyewe nazo hukatika. Mei 2024 waya mbili, EASSy na SEACOM, ziliharibika kwa pamoja na intaneti ikadorora nchi nzima. Waya wa karibu ukikatika, data inayofanikiwa kupita huzungushwa njia ndefu, na pingi hupanda.

Lakini kinachouma zaidi ni hiki: umejificha nyuma ya ukuta, umetulia, halafu unakufa. Mpwa anaita huo wizi. Si wizi. Gemu nyingi za risasi huonyesha picha 60 kwa sekunde, kila moja milisekunde 17 hivi. Mpinzani mwenye pingi ya juu anakuona ulipokuwa picha kadhaa zilizopita, ukiwa bado wazi. Akifyatua, seva inarudisha saa nyuma na kuangalia alichokuwa anakiona yeye wakati ule. Kichwa chako kilikuwepo? Basi umekufa, hata kama kwenye simu yako ulishajificha zamani. Bila utaratibu huo sisi wa mbali tungekuwa tunapiga hewa tu. Kwa hiyo siku unayolalamika, kumbuka siku nyingine ni wewe uliyemuua mtu nyuma ya ukuta wake.

Pingi inayorukaruka ni mbaya kuliko iliyo juu lakini imetulia. Ukikaa kwenye 150 muda wote, kidole kinazoea. Ikienda 90, 310, 120, hakuna mkono unaoweza kuizoea.

Kurukaruka huko mara nyingi kunaanzia nyumbani. Nyumba yangu imepakana na jiwe kubwa kuliko nyumba yenyewe, kama nyingi za huku mlimani, na mawimbi ya simu hayapendi kupenya jiwe. Nikamwambia mpwa ahamie barazani, upande unaoangalia ziwa. Akabeba kigoda shingo upande.

"Ngapi?"

"Mia na sitini na mbili." Kimya kidogo. "Imetulia."

"Zilizobaki ni za bahari," nikamwambia, lakini alishaanza mechi.