Fulana ya kuzuia risasi haifiki pajani

Juzi kijana mmoja wa redio hapa Mbeya, anayejiandaa kwenda Goma kuripoti vita, alinisubiri zamu iishe akaniuliza fulana ya kuzuia risasi inapatikana wapi. Nikamuuliza: kwenye begi una kitambaa kirefu? Akacheka. Mimi hospitalini nimepokea majeruhi wa ajali za magari za mteremko wa Iwambi miaka mingi, sikucheka.

Aprili 2011, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Libya, mpigapicha Tim Hetherington alipigwa na vipande vya kombora mjini Misrata. Mshipa mkubwa wa paja ukachanika. Alikufa kwa kuvuja damu, nyuma ya pikapu iliyokuwa ikimkimbiza hospitali. Rafiki yake Sebastian Junger akaanzisha mafunzo ya huduma ya kwanza kwa waandishi wa kujitegemea.

Mtu mzima ana damu kama lita 5. Mshipa ule ukikatika, anaweza kufa ndani ya dakika chache, na hapo daktari bado hajavaa glavu. Kwa hiyo anayekuokoa ni mwenzako wa gari moja. Wale wa Iwambi nao wanaofika hai, mara nyingi kuna konda au mama muuza ndizi aliyewahi kubana jeraha.

Nilimwonyesha kijana yule kwa kitenge. Kunja kitambaa kiwe na upana wa vidole vitatu, zungusha mguu vidole vinne juu ya jeraha, usifunge kwenye goti. Weka kijiti kigumu juu ya fundo, funga tena, kisha sokota mpaka damu ikome kabisa. Kijiti kifungwe kisirudi. Andika saa, hata kwenye paji la uso. Risasi zikiwa bado zinalia, usitafute jeraha: funga juu kabisa ya paja, juu ya suruali hiyohiyo. Waya na kamba ya katani hapana, vinakata nyama.

"Sista, mguu si utaoza?"

Swali hili huulizwa kila mara, na ndilo linalowafanya watu wafungue kila baada ya dakika kumi ili "damu ipite". Wanaua. Ndani ya saa 2 mguu kwa kawaida haupati madhara ya kudumu. Muachie daktari afungue.

Jeraha likiwa kwenye kinena, kijiti hakina kazi. Hapo shindilia kitambaa ndani ya tundu lenyewe, kisha ulalie kwa mikono miwili dakika 10 bila kuchungulia. Kuchungulia ndiko kunakowashinda wengi.

Kuna siku kitenge hakisaidii. Mei 2000 huko Sierra Leone, wanahabari Kurt Schork na Miguel Gil Moreno waliuawa katika shambulio la kuvizia barabarani. Wenzao Yannis Behrakis na Mark Chisholm walipona kwa kukimbilia porini na kujificha. Hilo mimi siwezi kulifundisha.

Nikamfunga paja lake mwenyewe. Alipiga kelele kuwa inauma, nikaongeza mzunguko mmoja, maana mshipa wa juu ya unyayo bado ulikuwa unapiga.